Jicho ni amana: niliyoyashuhudia nje ya tamasha la filamu la Cannes

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu akamjaalia masikio, macho na moyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika Suratul Israai, aya ya 36, Mola wetu anatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, kisha anatutanabahisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Masheikh wetu huitumia sana aya hii wanapokemea umbea na dhana mbaya, na wana haki. Lakini ile sehemu ya macho huwa tunaipita haraka haraka. Tukifika hapo tunasema Muislamu ainamishe macho yake, asitazame vya haramu, kisha tunahamia nukta nyingine. Maneno hayo ni kweli, ila ni nusu ya jambo. Jicho litaulizwa kwa lile lililotazama na halikupaswa kulitazama, na litaulizwa vilevile kwa lile lililopaswa kulitazama likajifanya limesinzia. Nusu hii ya pili ndiyo nnayotaka tuizungumze leo, na mfano wangu nautoa mahali ambapo msomaji wa safu hii pengine hapatarajii. Nautoa kwenye ufunguzi wa tamasha la filamu la Cannes, kusini mwa Ufaransa, jioni ya Jumanne tarehe 13 Mei 2025.

Najua atakuwepo wa kuuliza: na wewe Muislamu ulifuata nini huko? Ni swali la haki. Wakati ule nilikuwa nikiishi na kufanya kazi Nice, mji ulio jirani na Cannes, kiasi cha nusu saa kwa treni. Sikuwa na kadi ya mwaliko wala suti nyeusi, na sikuingia ndani ya jumba. Nilisimama nje, nyuma ya vizuizi vya chuma, pamoja na maelfu ya watu wengine. Kilichonipeleka ni jina la binti mmoja wa Kiislamu ambaye alikuwa afike mjini hapo wiki ile na hakufika. Nilitaka kujua kama jina lake litatajwa. Nitalifikia.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Tamasha la Cannes lilipangwa kuanza Septemba 1, 1939, kwa sababu Wafaransa walichukizwa na tamasha la Venice, Italia, ambalo wakati huo lilikuwa limeshikwa na Mussolini na wenzake wa Ujerumani. Vita Vikuu vikaingia siku hiyo hiyo, na tamasha likasubiri hadi 1946. Kwa hiyo hata asili yake, hili ni jambo la siasa na mashindano ya mataifa. Anayesema filamu ni burudani tu na wala haina haja ya kuzungumzwa katika gazeti la dini, basi wenye filamu zao hawakuwahi kuiona hivyo.

Jumba la tamasha liko ufukweni kabisa. Mbele yake kuna vidato 24 vilivyofunikwa zulia jekundu, na watu maarufu hupanda vidato hivyo polepole sana, wakisimama na kugeuka, huku mamia ya wapiga picha wakiwaita kwa majina. Kupanda kule ndiyo sherehe. Filamu yenyewe huja baadaye, na nadhani wengi waliokuja siku ile hawakuwa na habari ni filamu gani. Upande wa pili wa barabara kuna watu wa kawaida. Wapo wanaokuja na ngazi za kukunjua za nyumbani, zile za kubadilishia taa, wanazifunga kwa minyororo siku kadhaa kabla ili wasinyang'anywe nafasi. Jirani yangu siku ile alikuwa bibi mwenye mvi tupu, amepanda ngazi yake, ana mkate na chupa ya maji. Sikumcheka. Niliwaza tu kwamba sisi tunaombwa tuwahi safu ya mbele msikitini, na Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba watu wangelijua yaliyomo katika safu hiyo wangepiga kura kuigombania, na bado safu ya mbele Ijumaa kwetu hujaa khatibu akiwa tayari yuko juu ya mimbari.

Mwaka ule palikuwa na jambo jipya. Kabla tu ya ufunguzi, wenye tamasha walitangaza kwamba kwa sababu za staha ni marufuku mtu kuja uchi juu ya zulia jekundu na katika eneo lolote la tamasha. Na nguo zenye mikia mirefu inayoziba njia nazo zilikatazwa. Tangazo hili lilikuwa gumzo la mji. Wapo waliosema ni kurudi nyuma, wapo waliosema lilichelewa. Miaka ya karibuni nguo za wageni wa zulia lile zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka mpaka imefika mahali nguo ni jina tu. Sasa watu ambao hawakuisoma Suratun Nur, katika mji wa anasa, kwenye sherehe iliyojengwa juu ya kutazama na kutazamwa, wamelazimika wenyewe kuchora mstari. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba haya ni katika imani. Na haya imo katika maumbile ya binadamu. Unaweza kuisukuma mbali sana lakini kuna mahali itagoma.

Hata hivyo tusiwahi kushangilia. Ukiisoma Suratun Nur utaona kwamba aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho na wahifadhi tupu zao, na ndipo inakuja aya ya 31 kuwaelekea wanawake. Utaratibu huo sisi tumeupindua. Khutba kumi juu ya mavazi ya akina dada, khutba moja juu ya macho ya akina kaka, tena ya kupitia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba katika Hija ya kuaga, Fadhl bin Abbas (r.a.), kijana mwenye sura nzuri, alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.). Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza mas-ala ya kumhijia baba yake mzee. Fadhl akawa anamtazama. Mtume (s.a.w.) alifanya nini? Aliugeuza uso wa Fadhl upande wa pili, na akaendelea kumjibu yule mama swali lake. Hakumfukuza mama, na swali lake halikuachwa. Aliyegeuzwa shingo ni mwanamume. Wallahi hadithi hii ingesomwa zaidi katika vijiwe vyetu, mengi yangetulia.

Sasa tuje kwenye ufukwe huo huo, miaka tisa nyuma. Julai 14, 2016, katika mji wa Nice, mtu mmoja aliendesha lori juu ya watu waliokuwa wakitazama fataki za sikukuu ya taifa, akaua watu 86. Miongoni mwa waliouawa mwanzo kabisa ni mama wa Kiislamu aliyekuwa amevaa hijabu yake, na Waislamu wengine wengi walikufa pamoja naye. Wiki chache hazijapita, meya wa Cannes akatoa amri kuwazuia watu wasiovaa mavazi yanayolingana na maadili mema na kanuni ya kutenganisha dini na dola wasiingie ufukweni wala kuogelea. Kila mtu alielewa amri inamlenga nani. Ilimlenga mwanamke wa Kiislamu anayeogelea na vazi la kumfunika mwili, lile linaloitwa bukini. Faini ilikuwa euro 38. Miji mingine ya pwani kama thelathini ikafuata. Agosti 26, 2016 Baraza la Dola, ambayo ndiyo mahakama ya juu ya mambo ya utawala ya Ufaransa, likasimamisha amri ya mji mmoja wapo, Villeneuve-Loubet, likieleza kwamba amri kama hiyo inakiuka uhuru wa msingi wa raia wakati hakuna hatari iliyothibitishwa.

Nazungumza kwa insafu: waliotoa amri ya 2016 ni serikali ya mji, na waliotoa kanuni ya 2025 ni wenye tamasha. Hawa si wale. Lakini mji ni mmoja, ufukwe ni mmoja, na neno lililotumika ni karibu moja: maadili, staha. Mwaka 2016 staha ilimaanisha ujivue. Mwaka 2025 staha ikamaanisha ujifunike. Binadamu akiwa ndiye mwenye kupanga staha ni nini, itakuwa inageuka na upepo wa bahari.

Karibu nami siku ile alikuwepo mzee wa Kingazija, mkazi wa miaka mingi wa Marseille, mji ambao Wakomoro ni wengi hata utadhani uko Moroni. Alikuwa amekuja kwa kazi ya muda, kupanga na kupangua vizuizi. Nilimwamkia kwa heshima ya kwao, "kwezi", akaitika "mbona" na akafurahi kusikia mtu wa upande wetu. Nilipomuuliza kuhusu amri ya mwaka 2016 alitazama kwanza kushoto na kulia kisha akasema, "Mwanangu, hapa nguo ikipungua ni sanaa, ikizidi ni kazi ya polisi."

Sasa jina.

Fatima Hassouna alikuwa mpiga picha wa Gaza, umri wake miaka 25. Tangu vita vilipoanza Oktoba 2023 alikuwa akitembea na kamera yake katika mitaa iliyobomoka, akipiga picha za watoto, vifusi, foleni za maji, watu wanaotafuta jamaa zao. Alikuwa akivaa hijabu yake, na waliomjua wanamtaja kwa tabasamu lake. Mtengeneza filamu mmoja wa Kiirani aishiye Ufaransa, Sepideh Farsi, alikuwa akitaka kuingia Gaza kupitia Misri akashindwa, njia zimefungwa. Basi akaanza kuzungumza na Fatima kwa simu ya video, na mazungumzo hayo ya karibu mwaka mzima, pamoja na picha za Fatima, ndiyo yakawa filamu. Aprili 15, 2025 filamu ilitangazwa kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, katika kitengo kinachosimamiwa na watengeneza filamu wa kujitegemea. Farsi alimpigia Fatima kumpa habari na kumwambia aandae karatasi za safari. Kwa maelezo ya Farsi, binti alikubali kuja kwa sharti moja: baada ya tamasha arudi Gaza.

Siku iliyofuata, Aprili 16, alfajiri, kombora la Israel lilipiga nyumba yao. Fatima akauawa pamoja na jamaa zake kadhaa, akiwamo dada yake aliyekuwa mjamzito. Jeshi la Israel lilisema lilikuwa likimlenga mwanachama wa Hamas. Hayo ndiyo maelezo yao. Walioopolewa kwenye kifusi ni familia. Zilikuwa zimebaki siku chache aolewe.

Kabla ya hapo alikwisha kuandika kwamba kama ni kufa, hataki awe habari ya haraka inayopita wala namba katika kundi. Anataka kifo ambacho dunia itakisikia na picha ambazo wakati hautazizika. Mtu anaweza kuyasoma maneno hayo akadhani ni kutaka umaarufu. Mimi siyasomi hivyo. Mtu anayetaka umaarufu huigeuza kamera ijielekeze kwake. Huyu aliielekeza kwa wengine mwaka na nusu, na alipoambiwa njoo Cannes, sharti lake likawa kurudi kwenye vifusi.

Basi nilikuwa nimesimama pale nikiangalia vidato 24, nikijua kwamba miongoni mwa wageni wa wiki ile alipaswa kuwemo binti mmoja mwenye hijabu, katika mji uliowahi kutunga amri dhidi ya mwenzake mwenye kujifunika. Sherehe ya ndani ilirushwa na televisheni, na kijana mmoja jirani yangu alikuwa akiifuata kwenye simu yake, sauti amefungua. Robert De Niro alipewa tuzo ya heshima. Ziliimbwa nyimbo. Akasimama pia mwigizaji Juliette Binoche, ambaye mwaka ule alikuwa rais wa jopo la waamuzi. Akazungumza juu ya vita na umaskini, akataja mateka wa Oktoba 7 na mateka wote, kisha akamtaja Fatima Hassouna kwa jina, akaeleza alivyouawa siku moja baada ya kujua kwamba filamu aliyomo imechaguliwa, na akasema kwamba alikuwa awe pamoja nao usiku ule. Siku zile zile ilitoka barua ya watu zaidi ya 350 wa filamu, wakiwamo Richard Gere na Susan Sarandon, wakilaumu ukimya wa wenzao juu ya Gaza na kuanza kwa kumtaja yeye.

Yule bibi wa kwenye ngazi aliuliza, nani huyo? Kijana mwenye simu akamtafutia picha, akamwonyesha. Bibi akaitazama kwa muda, akashuka kidato kimoja, akakaa.

Kuna watakaosema maneno ya jukwaani hayasimamishi kombora. Kweli, na baada ya usiku ule mauaji hayakusimama. Lakini tusilidharau jambo hili. Katika Suratul Baqara, aya ya 283, Allah (s.w.) amekataza kuficha ushahidi, na akaeleza kwamba mwenye kuuficha, moyo wake unaingia dhambini. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, anatuamrisha tusimame na uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kiswahili chetu kimebarikiwa katika jambo hili. Neno shahidi kwetu lina maana mbili na zote zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu: aliyeona na akaeleza, na aliyeuawa katika njia ya haki. Sisi hatumtakasi mtu mbele ya Allah, lakini tunamuombea binti huyu daraja ya maana ya pili. Ama ile maana ya kwanza, hiyo haina shaka, picha zipo.

Maghribi pale mwezi Mei huingia kama saa tatu kasorobo usiku. Mzee wangu wa Kingazija alijua pa kusalia, nyuma ya duka la mtu wa Tunisia, tukasali wanne kwenye maboksi yaliyokunjuliwa. Kelele za zulia jekundu zilifika mpaka pale. Alisoma Suratu Yasin sehemu ya mwisho, na alipofika aya ya 65, ile inayoeleza kwamba siku hiyo vinywa vitafungwa, mikono izungumze na miguu ishuhudie, sauti yake ilipungua. Sijui kama alikusudia.

Sasa linakuja suala la fiqhi, maana nalijua litaulizwa. Picha na filamu, si haramu? Ikhtilafu ya wanazuoni ipo na ni ya tangu zamani. Wapo waliochukua hadithi za makatazo ya watengeneza sanamu na picha wakaziweka juu ya kamera pia, na wana hoja zao na tunawaheshimu. Wapo waliotofautisha, na katika wa mwanzo ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliandika mapema katika karne ya ishirini kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli alichokiumba Allah, mfano wa sura iliyo katika kioo, wala si kuumba. Mimi si mufti. Ninachokiona ni kwamba mjadala huu kwetu umefika mahali pa ajabu: wanaosema kamera ni haramu kabisa wanasema hivyo mbele ya kamera, na mawaidha yao yanauzwa kwa diski na kusambazwa kwa simu. Kwa hiyo kivitendo sote tumeshakubali kwamba kamera ni chombo. Kilichobaki ni kukifanyia hisabu.

Na tusisahau kwamba tumeshanufaika nacho. Filamu ya Ar-Risala ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 imeingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu kuliko kitabu chochote cha Sira. Aliyeitengeneza naye aliuawa, yeye na binti yake, katika milipuko ya mahoteli ya Amman Novemba 2005, na walioitega ni watu waliodai kuupigania Uislamu. Mtu aliyewafanya mamilioni wamsikie Bilal akiadhini aliuawa na wanaosema Allahu Akbar. Hilo nalo ni la kushuhudia dhidi ya nafsi zetu.

Cannes hiyo hiyo, Mei 2006, ilionyeshwa filamu iitwayo Indigènes, ya Rachid Bouchareb, juu ya askari wa Algeria na Morocco waliopigana kuikomboa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Pili. Waigizaji wake wakuu, wengi wao wenye asili ya Maghribi, walipewa kwa pamoja tuzo ya waigizaji bora. Tangu 1959 Ufaransa ilikuwa imegandisha pensheni za askari hawa wa makoloni, mwenzake Mfaransa akipanda yeye anabaki palepale. Wazee waliandamana, waliandika barua, walikufa mmoja mmoja. Filamu ilipoingia katika majumba ya sinema Septemba 2006, Rais Jacques Chirac, aliyekuwa ameitazama, aliamua zipandishwe zilingane. Malimbikizo ya miaka iliyopita hawakulipwa, na wengi walikuwa makaburini. Lakini jicho lilipolazimishwa kuona, mkono ulisaini. Wazee wetu wa K.A.R. waliopelekwa Burma, nani aliwafanyia filamu?

Sasa nitoke Cannes nirudi kwetu, maana msiba wa jicho uko nyumbani.

Ajali ikitokea leo barabarani, bodaboda kalala chini damu inamtoka, wa kwanza kufika anatoa nini mfukoni? Simu. Wa pili simu. Wakishapiga ndipo anatafutwa wa kumbeba. Kabla maiti hajaoshwa, picha yake imefika Muscat na Minnesota, na mama yake ataijua habari ya mwanawe kwa kuona mguu wa mwanawe katika kundi la WhatsApp la mtaa. Na aliyeituma ameiweka na dua chini yake, anadhani anapata thawabu! Dini yetu inayofundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai, inayomtaka muosha maiti afiche aliyoyaona, leo watu wake ndio wa mbele kusambaza. Mtu wa namna hii na Fatima Hassouna wote wameshika kamera mbele ya maiti. Fatima alikuwa mmoja wao, anakaa nao, foleni ya maji ni moja, na alipiga ili dhulma ijulikane na waliouawa wawe na majina. Huyu wetu anapiga ili awe wa kwanza kutuma. Tusiyaweke mambo haya kapu moja kwa sababu tu chombo ni kimoja.

Harusini nako ni hivyo hivyo. Shughuli ya wanawake watupu, dada zetu wamevua buibui zao kwa amani kwa sababu hakuna mwanamume, kisha mmoja anarekodi "kwa ajili ya kumbukumbu". Baada ya siku tatu kumbukumbu iko katika simu ya dereva teksi. Nyumba zimevunjika kwa mambo haya na wenye kuvunjikiwa wanajua ninachosema. Aliyerekodi bila ruhusa na aliyetuma, na wewe uliyeipokea ukaitazama mara ya pili, mko katika aya ya 36 ya Suratul Israai pamoja. Mtume (s.a.w.) alimweleza Ali (r.a.) kwamba mtazamo wa kwanza usio wa kukusudia ni wake na wa pili si wake. Kubonyeza kitufe ili ianze tena, huo ni mtazamo wa ngapi?

Na wakati simu zetu zimejaa hayo, yale yanayostahiki kushuhudiwa yanapita bila shahidi. Wapo hai watu walioyaona kwa macho yao yaliyotokea Mwembechai Februari 1998, na yaliyotokea Pemba Januari 2001. Ni wangapi tumewaketisha tukawauliza, tukarekodi, tukahifadhi? Wapo masheikh waliosomesha vijiji vizima chini ya mwembe bila senti moja ya mshahara, wanajua fulani alisoma kwa fulani naye alisoma kwa fulani mpaka Barawa na Hadhramaut. Wakifa inabaki picha moja ya kitambulisho cha kupigia kura, na mzozo wa nani alijenga msikiti. Vijana wa madrasa wanajua kuhariri video kwa simu kuliko wafanyakazi wa vituo vya televisheni, nimewaona, na kazi kubwa tunayowapa ni kurekodi harambee. Mabinti ndiyo kabisa hawaulizwi, wakati kuna kina mama wakubwa ambao hawatazungumza mbele ya mwanamume na wanajua nusu nzima ya historia yetu.

Kwa hiyo mwenye mzee wa namna hii nyumbani kwake, chombo anacho mfukoni. Amwombe ruhusa kwanza, na akikatazwa akubali. Akiruhusiwa amketishe penye mwanga, kelele za redio zizimwe, amuulize jina la mwalimu wake wa kwanza wa Qur'an na alikaa wapi, kisha anyamaze amwache aseme.

Wabillahi tawfiq.